Migomba Mitatu ya Mtoto wa Katikati

Zamani, matope yakiziba mfereji wa juu, wanaume wote wa kitongoji tulipanda kuuzibua. Mimi nilikuwa mvivu wa jembe, nakiri. Shule niliishia darasa la tatu, na hata hilo nililimaliza kwa kusukumwa. Basi nikagundua kwamba nikiwapigia watu hadithi, wananichimbia na kipande changu. Siku hizi maji ni ya bomba, lakini hadithi zimenibakia. Nazisimulia kilabuni mchana, kwa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Mwaka juzi nilikuwa na ya mtoto wa katikati. Huku kwetu kihamba, yaani lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, wa kwanza humegewa chake, wa mwisho hubaki na nyumba ya baba. Wa katikati huambiwa dunia ni pana. Wangu nilimteremsha tambarare, mahindi yakamkaukia, akafia Holili, mpakani, akibeba magunia ya watu.

Jirani yangu mmoja, naye wa katikati, alisikiliza hadi mwisho. Walikuwa wamemzika baba yao mwezi ule, na ukoo ungekaa Jumamosi kugawa. Akanifuata njiani.

"Shikamoo mzee. Yule mtu wako mrudishe. Mpe hata migomba mitatu, akae."

Nikamwambia ile ni hadithi tu. Akasema ndiyo maana anaomba. Kwa ukoo haombi kitu.

Ijumaa nikajaribu. Nikasema kaka mkubwa alimmegea kipande. Watu wakacheka, mmoja akauliza huyo kaka ni wa mlima gani. Haya, nikasema alibeba mizigo ya wageni huko juu mlimani, akapata hela, akanunua. Wakauliza nani huku anauza kaburi la babu yake, maana wafu wetu tunawazika humo humo kihambani. Nikamwoza binti wa tajiri. Hapo hata mama muuzaji akaguna.

Nikaiacha hadithi hapo. Mimi nimeshafufua wafu, fisi nimempa ufalme, hakuna aliyebisha. Sasa ardhi ya hatua kumi inanishinda, tena ya kusema kwa mdomo.

Jirani hakucheka.

"Na wewe mzee ndiye unayetunga," akasema taratibu.

Akaiweka kata chini ikiwa nusu, akaaga kwa heshima, akashika njia ya kuteremka Shirimatunda, kule tambarare. Jumamosi ukoo ulimngoja mpaka jioni. Hakurudi tena.