Pua ya Mama Kaunta

Mtaani walimwita Fundi Moshi, na jina lilimkaa. Mkahawa wa nyama ya moshi aliurithi kwa baba yake. Mbavu na vidari alivitundika kwenye banda la matofali lililokuwa uani, akawasha kuni taratibu, akakaa mlangoni akinusa. Pua ndiyo iliyomwambia lini moshi umekuwa mchungu na lini nyama imeiva. Mkewe, Mama Kaunta, alihudumia wateja mbele. Bandani hakukanyaga, moshi ulimtoa machozi.

Mwaka mmoja mafua makali yakamlaza Fundi kitandani. Alipoinuka, pua haikusikia harufu yoyote, hata ya kitunguu. Hakumwambia mtu. Alijikaza, akawasha kuni, akawa anakisia tu.

Wateja wakaanza kula kimyakimya. Seremala wa jirani, aliyekuwa akila pale tangu enzi za baba mtu, alisukuma sahani ikiwa na nyama nusu.

"Leo nimeshiba mapema," alisema, macho chini.

Mama Kaunta akaonja kipande. Kichungu kama dawa! Akajifunga kitambaa kichwani, akaingia bandani.

"Mzee wangu, tangu lini hunusi?"

Fundi alichezea koleo. "Tangu yale mafua. Basi tena, mama watoto. Tufunge tu."

"Tufunge kisa pua? Mimi ninayo."

"Wewe moshi huujui."

"Miaka yote hii naufua kwenye mashati yako, leo unaniambia siujui!"

Fundi alicheka mpaka akakohoa.

Binti yao akashika kaunta, na mama akaweka kigoda chake kando ya cha mumewe. "Bado," alikuwa akisema, huku akifuta macho. "Bado... Haya, toa!" Siku nyingine walizozana. Siku nyingi walipiga soga, kama wachumba. Seremala naye akarudia kulamba vidole.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama Kaunta aliinama kuchochea moto, na Fundi akasikia harufu ya kitambaa chake: sabuni, moshi, mafuta ya nywele. Akanyamaza. Akaendelea kunyamaza, hadi siku ulimi ulipomponyoka:

"Kuni hizi mbichi, zanuka."

Mkewe akageuka. "Kumbe! Imerudi lini?"

"Kitambo kidogo."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungerudi kaunta."

Mama Kaunta alimtazama, kisha akavuta kigoda karibu zaidi.

"Kaunta ina mwenyewe sasa," alisema. "Hebu nisogezee hizo kuni kavu."