Siku Niliyopora Soda Westlands kwa Ajili ya Mwalimu

Aibu hii niliificha muda mrefu, lakini kwa kuwa wenzangu wa kazi wameshaivujisha, afadhali niisimulie mwenyewe, angalau nijitetee kidogo (ingawa utetezi wenyewe hakuna).

Wakati huo nilikuwa nesi wa nyumbani kule Kilimani, namtunza mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu, mstaafu kutoka pande za Kakamega, ambaye sukari yake haikutabirika, asubuhi iko juu huko, adhuhuri imeporomoka, na kazi yangu ilikuwa kumpima, kumdunga insulini na kuhakikisha amekula. Nilimpenda mzee yule. Hata sindano ikiwa mkononi alikuwa akinisahihisha: "Sista, si 'kitu yangu', ni 'kitu changu'. Haya, dunga."

Sasa Jumamosi moja binti yake, Rose, akatualika chakula cha mchana kwenye hoteli ndani ya jumba moja la maduka Westlands, na mimi, nikiwa na rinda jipya ambalo lilikuwa halijaona watu, nikaona siwezi kuingia mahali pale na begi langu la kazi, lile la kijani lililochakaa, ambamo nilibeba mashine ya kupima sukari, glukosi na juisi ya dharura. Nikachukua mkoba wangu mdogo mwekundu. Tena nikamdunga insulini ya kabla ya chakula nyumbani kabisa, maana niliona haya kutoa sindano mbele ya watu, nikajiambia ni dakika kumi tu, tutakuta chakula mezani.

Dakika kumi! Jam ya magari ilitushika karibu saa nzima. Mwalimu akanyamaza, nami nikadhani amesinzia (nilikuwa najipiga picha, Mungu anisamehe).

Tulipofika mlangoni pa ukaguzi ndipo nikaona shati lake limelowa jasho na mikono inatetemeka. Nikamshika mkono, akaniponyoka.

"Wewe ni nani? Huyu mwanamke simjui! Ananipeleka wapi?"

Nilijua mara moja kwamba insulini imeishusha sukari hadi akili imemchanganyika, lakini askari wa mlangoni angejuaje?

"Madam, hebu mwachilie mzee."

"Mimi ni nesi wake!"

"Kitambulisho cha kazi kiko wapi?"

Kiko kwenye begi la kijani, bwana. Nikaumwaga mkoba sakafuni nikitafuta hata peremende moja: kioo, lipstiki, kope za kubandika. Watu wakatoa simu. Mama mmoja mnene akasema, "Hawa ndio hudanganya wazee wetu!"

Mwalimu akaanza kuyumba. Hapo heshima yangu ikaisha: bwana mmoja wa suti alikuwa anapita na chupa ya soda, nikampokonya, askari akanidaka kiunoni, rinda likapasuka ubavuni mbele ya wote, nami nikapiga kelele, "Ana ugonjwa wa sukari! Imeshuka! Mwacheni anywe, atazimia!"

Yule mama mnene ndiye aliyeelewa kwanza. Alimkalisha Mwalimu kwenye kiti cha askari, na kwa kuwa bado aliweza kumeza, nikamnywesha funda baada ya funda, kisha tukangoja. Sijawahi kuomba Mungu namna ile. Baada ya kama robo saa jasho likakauka, akanitazama vizuri.

"Sista, mbona rinda limepasuka?"

Nikalia pale pale.

Juu hotelini ningeweza kusingizia jam, lakini nilimweleza Rose yote, la begi, la haya zangu, la picha. Akaniuliza, "Na kama hakungekuwa na mtu mwenye soda?"

Swali hilo nalibeba hadi leo.

Mwalimu, akimega ugali, ndiye aliyesema, "Usimfukuze. Amekiri kabla ya kuulizwa. Nimefundisha maisha yangu yote, wanafunzi wa namna hiyo walikuwa wachache."

Nilikaa naye mpaka aliporudi shambani kwake, na huko ndiko alikozikwa. Nikipita Kilimani huwa nainua macho kwenye ile roshani alikokuwa akikaa na chai yake ya strungi isiyo na maziwa, redio sikioni, akibishana na msoma habari kuhusu sarufi, na kusema kweli siku zile nazikumbuka sana, hata ile mbaya.

Wenzangu bado wana video ya pale mlangoni. Wacheke tu. Ila insulini ya kabla ya mlo sitaidunga tena kabla sijaiona sahani mbele ya mgonjwa, hata tukialikwa ikulu, hata wageni wote wanikodolee macho.