Kanga hukimbia moto, kwale hubaki: nilivyomdanganya babangu

Wakuu, salamu kutoka Awendo, Migori. Haya yalinitokea mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi, maana yenyewe yamenitosha.

Juzi kuna mtu humu aliuliza kanga na kwale wana tofauti gani. Wengi mlijibu ukubwa na madoadoa. Ni kweli. Kanga ni mkubwa, ana madoa meupe na kichwa kipara. Kwale ni mdogo, rangi ya majani makavu, unaweza kumpita karibu usimwone.

Lakini marehemu babangu, mkulima wa miwa, alijua tofauti moja tu. Moto.

Huku tunachoma shamba kabla ya kukata, majani yaishe, wakataji waweze kuingia. Kanga, sisi Wajaluo tunamwita awendo, akisikia moshi anapiga kelele na kundi lote linatimua mbio.

Kwale, yaani aywer, akiwa amelalia mayai hatoki. Anajibanza pale pale.

Kwa hivyo kila mara kabla ya kuchoma, mzee alipita mstari kwa mstari na fimbo. Akipata kiota, anafyeka miwa kukizunguka ili moto usifike. Majirani walimcheka. Hata mimi nilimcheka, tena sana.

Mwaka jana miguu yake ilivimba, kutembea ikawa shida. Mimi nina duka la spea za bodaboda Oyugis, kule Homa Bay. Akaniita nyumbani.

"Nyathina, mwanangu, pita kila mstari. Awendo usimjali, atakimbia. Nitafutie aywer."

Nilipita mistari kama sita. Jua kali, majani ya miwa yanawasha shingo, wateja wanapiga simu. Nikaketi kando ya shamba najibu WhatsApp.

Niliporudi akaniuliza, "Umepita kote?"

"Kote, Baba. Hakuna kitu."

Akanishukuru. Wakuu, alinishukuru kabisa na kunibariki.

Tukachoma. Kanga wakatoka wakipiga kelele, wakavuka barabara mbele yetu. Nikajiambia kazi imekwisha.

Asubuhi mzee alichukua fimbo akaingia kwenye majivu polepole. Alipokawia nikamfuata. Nilimkuta ameinama.

Kwale alikuwa juu ya mayai yake, ameungua, mabawa ameyatandaza pande zote mbili.

Mzee hakunitazama. "Ulipita hapa?"

Hapo nilikuwa bado na nafasi. Nikasema, "Nilipita, Baba. Labda aliingia baadaye."

"Sawa."

Basi. Mzee ambaye akigomba jirani wa tatu anasikia, siku hiyo alisema sawa tu. Akachimba shimo kwa ncha ya fimbo akamzika yule ndege na mayai yake.

Tangu siku hiyo hakunituma kitu tena. Dawa aliagiza kwa jirani. Ua likianguka, jirani. Nikipiga simu anauliza watoto, anauliza mvua, anasema sawa.

Nilipanga kumwambia ukweli Krismasi, tukiwa wawili. Hakuifikia Krismasi.

Kwenye mazishi nilipewa maikrofoni kama kifungua mimba. Msemaji mmoja alisema mimi ndiye mtoto ambaye mzee alimwamini kuliko wote. Nililia mpaka nikashikwa mkono. Watu wakasema huyu alimpenda babake. Nilimpenda, lakini nililia pia kwa aibu.

Nilichojifunza ni hiki. Mzee angenisamehe. Alikuwa mkali lakini hakuwa na kinyongo. Ningesema tu, "Baba, nilichoka, sikupita." Angenigombeza hadi jioni, kisha tungekula pamoja.

Wewe ambaye mzazi wako yuko hai na kuna uongo umemwachia, weka hii simu chini umpigie kwanza, ndio urudi ku-comment.

Na wewe uliyefiwa kabla ya kusema ukweli, kama mimi, tafadhali niambie: wewe ulimwambia nani?