Karatasi ya Ndani ya Boksi

Mdogo wangu alipochumbiwa na watu wa Kasongo mjini, shangazi wa mchumba alimtazama toka kichwani mpaka miguuni, akauliza kama kijijini kwetu Wamaza mihogo imekwisha. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini mama yetu alikuwa ameshafariki, mimi ndiye niliyemlea huyo mtoto, na wembamba wake ulikuwa aibu yangu. Niliumia sana.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu alileta vidonge vya kunenepesha kutoka Salamabila, vile ambavyo wanawake huuziana sokoni. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa, Kifaransa kitupu. Yeye hakufika mbali shuleni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi.

"Yaya," akaniita, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa, "unisomee. Iko nasema nini?"

Niliisoma yote. Ilisema mtu asivinywe bila daktari, asivinywe muda mrefu, kwamba vinaweza kupandisha sukari mwilini na kudhoofisha mifupa. Nikaikunja.

"Iko nasema vinaleta hamu ya kula," nikamwambia. "Unywe tu, mupaka ndoa."

Na kweli maneno hayo yalikuwemo, mstari mmoja, chini kabisa. Nilijifariji kwamba sikusema uongo. Ujanja wa mwalimu huo, na hadi leo unanichefua.

Alinenepa. Mashavu yalijaa, na siku ya harusi yule shangazi alimsifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa. Baada ya hapo hakuacha. Kila alipojaribu, mwili ulilegea, akarudia. Nilijua, na nilinyamaza, kwa sababu kumwambia kulikuwa ni kujitaja.

Leo ana ugonjwa wa sukari. Ana kidonda mguuni kisichopona, na shambani haendi tena. Daktari akimuuliza anakunywa dawa gani, vidonge vile havitaji. Kwake ni vitamini tu.

Mwezi uliopita binti yake naye alichumbiwa. Nilipowatembelea Kasongo, nilimkuta mdogo wangu akimkabidhi boksi jipya la vidonge vilevile. Binti aliigeuzageuza karatasi, Kifaransa chake kidogo kikamshinda, akauliza kama havina hatari.

"Hakuna mubaya," mama yake akamjibu. "Mama mukubwa alinisomea karatasi yote."

Nilichukua boksi na karatasi mkononi mwa binti.

"Nilisoma yote," nikasema. "Lakini sikukusomea yote."

Nikamweleza mdogo wangu mstari kwa mstari. Nilipomaliza, aliuvuta mguu wake polepole chini ya kitenge, akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Hakunitazama. Alimpa binti yake.

"Beba hii shuleni," akamwambia. "Utafute mwalimu mwingine akusomee."