Mawe Makavu ya Nguzo ya Saba

Asubuhi ile Boknyeo alifungua lango akakuta mawe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri ya jana yake, ua umejaa tope, mfereji umefurika, hata kandambili alizoziacha barazani zilikuwa zimelowa chapachapa. Lakini mawe yalikuwa makavu. Yalikuwa kumi na kitu hivi, makubwa kwa madogo, yamepangwa rundo moja lenye kimo cha kufika gotini, pana chini, jembamba juu, na kileleni jiwe jeupe. Hapakuwa na wa kumwita aje aone. Mumewe alikwishakufa zamani, na mwanawe Gwangsik yuko Incheon kwenye kiwanda cha magari. Akainama akaligusa lile jeupe. Lilikuwa kavu, na halikuwa na baridi.

Kwa mgeni, rundo la mawe ni rundo la mawe. Kwa mwanamke wa umri wake, mzaliwa wa mabonde ya Gangwon, rundo la kimo kile lina maana moja tu. Zamani watoto wadogo waliokufa hawakuwekewa tuta la nyasi wala jiwe la jina. Walifunikwa mawe ili wanyama wasiwafukue, na mama mtu hakuonyeshwa mahali, eti asije akashinda huko analia akashindwa kuzaa mwingine. Watu waliuona huo kuwa huruma. Mimi nauona ukatili, ila sikuulizwa.

Wake aliitwa Dallae, jina la kitunguu-mwitu kinachochipua theluji ikianza kuyeyuka. Surua ilimchukua akiwa na miaka miwili na nusu, mwezi wa kwanza, baba yake akiwa kwenye mgodi wa makaa. Mama mkwe alimshika Boknyeo mikono yote miwili kule jikoni, huku shemeji yake Manseok, wakati huo mwanamume wa miaka kumi na minane, akimfunga mtoto ndani ya mfarishi, akimweka kwenye fremu ya kubebea kuni na kupanda naye Mlima Daram. Alirudi jioni vidole vimechanika. Boknyeo hakuuliza ni wapi.

Mtoto hakuwa ameandikishwa. Watu wa huko walikuwa wakingoja kwanza waone kama mtoto ataishi, ndipo waende safari ndefu ya ofisini. Kwa hiyo kwenye karatasi Dallae hakuzaliwa, na asiyezaliwa hafi. Hata jina la mama yake lilizikwa naye. Kijiji cha Sumgol kilikuwa kimemzoea kumwita Mama Dallae. Kuanzia siku ile kila mtu akawa anamkoholea tu anapotaka kumwita, mpaka alipozaliwa Gwangsik akawa Mama Gwangsik, na watu wakashusha pumzi.

Alichuma mboga za mlimani miaka hamsini. Hakuna kona ya Daram asiyoijua, na marundo ya mawe chini ya miti yalikuwa mengi kuliko watu wanavyofikiri. Kila masika, kwenye kila rundo alilolikuta, aliacha konzi ya kwanza ya mboga alizochuma. Alijua moja kati ya hayo ni la kwake, na asipojua ni lipi, basi yote yapate.

Kisha ikaja habari ya Michezo ya dunia ya majira ya baridi.

Wakubwa walifika wamevaa makoti manene ya rangi moja, wakawakusanya watu kwenye ukumbi wa kijiji. Msitu wa Daram ulikuwa haujaguswa na shoka tangu enzi za wafalme. Sasa ungefyekwa ubavu mmoja wote, juu hadi chini, ipatikane njia ya kuteleza kwenye theluji.

"Michezo yenyewe siku ngapi?" akauliza Bibi Malsun, mwenye duka la tofu ya soya.

"Kwenye mlima huu ni siku tatu, bibi."

"Siku tatu! Kabichi yangu ya kimchi tu haichachi kwa siku tatu, na nyie mnatuangushia mlima?"

Watu wakacheka, na mkubwa mmoja naye akacheka kwa adabu. "Msitu utarudishwa, bibi. Imeandikwa."

"Ataurudisha nani?"

"Kamati."

"Na hiyo kamati itakuwepo siku hiyo?"

Mkubwa akanywa maji.

Wenye makaburi mlimani waliambiwa wayaandikishe, yahamishwe. Boknyeo alimwendea Manseok, ambaye kwa miaka hiyo yote alikuwa amepanda mpaka kuwa mwenyekiti wa kijiji. Alimkuta mezani na kopo la chai ya shayiri lililojaa mihuri ya watu, ile ya majina wanayopiga badala ya saini. Nusu ya wazee wa Sumgol walikuwa wamefanya kosa hilohilo la kumwachia mwenyekiti mihuri yao, kwa kuwa macho hayaoni na ofisi ya wilaya iko mbali. Wa Boknyeo ulikuwa humo tangu alipofiwa na mumewe.

"Shemeji," alimwambia, "na yule mtoto naye yuko huko juu."

Manseok hakuinua kichwa. "Nitashughulikia."

Boknyeo alirudi nyumbani amefurahi, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote. Alidhani hatimaye ataonyeshwa mahali. Baada ya mwezi akasikia misumeno.

Alikwenda kutazama mashindano siku ya pili, akasimama nyuma ya wavu. Wachezaji waliporomoka mmoja mmoja, kila mmoja akipita kwa muda usiotosha kumenya kitunguu saumu. Watu walipiga kelele na kupeperusha bendera. Boknyeo alitazama chini ya miguu ya wale wachezaji, akijiuliza ni yupi kati yao anayempitia mwanawe kifuani. Aliwachukia wote, kisha akaona haya, maana nao walikuwa watoto wa watu.

Siku tatu zikaisha. Kamati ikavunjwa, na barua za kijiji zikawa zinarudi zimeandikwa kwamba mpokeaji hayupo. Miche waliyoipanda ilikauka kabla ya vuli. Ule ubavu ukabaki mweupe wa changarawe, na ndege hawakurudi hata mmoja. Vilivyobaki ni vibanda vya vioo vinavyoning'inia kwenye waya, vya kupandishia watu mlimani. Mara moja kwa wiki fundi aliwasha mtambo ili usishike kutu, vikapanda vitupu na kushuka vitupu. Watu wa nyumba za chini waliacha kuvitazama tangu Bibi Malsun alipoapa kwamba ameona kioo cha kimoja kimefanya ukungu wa pumzi. Si juu, alisema. Chini kabisa, kimo cha mtoto aliyesimama.

Sasa, mwaka wa sita baada ya Michezo, mvua za kiangazi zilipoanza, mawe nayo yakaanza. Mara ya kwanza Boknyeo aliyabeba moja moja akayapanga chini ya ukingo wa paa, kando ya mitungi ya kimchi. Mvua ya pili yakaja mengine, rundo lilelile, jeupe juu. Alipogeuka kutazama ukingo wa paa, pale alipoyaweka ya kwanza hapakuwa na kitu. Yalikuwa hayohayo. Alikaa barazani mpaka miguu ikafa ganzi, na hofu ilimshika kwelikweli, ila chini ya hofu palikuwa na kitu kingine alichoogopa hata kukipa jina, kwa sababu kilifanana na furaha.

Baada ya mvua ya tatu, Manseok alikuja asubuhi bila kupiga hodi, uso umemparama.

"Shemeji, imetosha sasa."

"Nini?"

"Unajua nini. Nina miaka sabini na tatu na moyo wangu mbovu. Kila mvua ikinyesha unanipangia mawe langoni. Unataka nife?"

Boknyeo aliteremsha beseni la nguo. "Na kwako pia?"

"Usinichezee akili! Nani mwingine angejua nilivyoyapanga? Lile bapa chini la kuzuia maji, lile jeupe juu..."

Akajiziba mdomo. Lakini alikwishasema.

"Mimi sikuwahi kuliona lile rundo, Manseok," alisema Boknyeo, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwita kwa jina lake tupu. "Mlinishika mikono."

Manseok aliangalia pembeni ya mitungi, akayaona mawe ambayo Boknyeo alikuwa ameyarudisha pale. Alikaa kitako kwenye ngazi iliyolowa, na suruali yake safi ya uenyekiti.

"Ni wapi?" akauliza Boknyeo.

"Nguzo ya saba ya vile vibanda," alisema Manseok. "Walichimba msingi wa ile nguzo palepale. Nilipanda siku moja kabla, na kikapu, nimshushe. Nikashindwa kuinua hata jiwe moja. Nikasema nitarudi kesho. Kesho yake nikakuta zege."

"Na karatasi?"

"Nilikuwa nimeshapiga muhuri wako. Niliandika hakuna. Walisema kaburi lisilo na jina kwenye daftari litasimamisha kazi miezi, na kijiji kizima kilikuwa kinangoja ile barabara mpya tuliyoahidiwa. Wakasema pia, mwenyekiti, mtoto gani huyo asiyeandikwa popote?"

Akalia, mzee mzima, kwa sauti ya chini. Boknyeo hakumwonea huruma. Alijaribu, akashindwa.

"Nipe muhuri wangu."

Alimpa. Alikuwa nao mfukoni, maana siku hizo alikuwa akizunguka tena na ile mihuri. Wilaya ilitaka vile vibanda vibaki kwa watalii na msitu usirudishwe, na Alhamisi karani angekuja ukumbini kusoma nyaraka za zamani na kuuliza kama kuna pingamizi. Lisipotokea, kitabu kingefungwa, na Dallae angebaki chini ya nguzo, hajulikani, milele.

"Alhamisi watasoma ile karatasi," alisema Boknyeo. "Utasema?"

"Wataniuliza kwa nini nilidanganya. Shemeji, wanaweza kunifunga."

"Nimekuuliza, utasema?"

Manseok aliinuka, akajipangusa, akaondoka.

Alhamisi mchana mvua ilikuwa inamwagika. Boknyeo alitembea bila mwavuli, jiwe jeupe amelifunga kwenye kitambaa, akaketi safu ya mbele. Bibi Malsun akamsogezea mto wa kukalia. "Umebeba nini hicho, kikongwe mwenzangu? Tofu ya mshindani wangu?" Boknyeo akakikaza kitambaa kifuani, na Bibi Malsun akaacha utani.

Karani alikuwa kijana mpole mwenye kikohozi. Alisoma kurasa haraka haraka, watu wakisinzia. "Makaburi ndani ya eneo: yote yamehamishwa. Mengine: hakuna. Wakazi wamethibitisha kwa mihuri. Kuna pingamizi?"

Siku zote mwenyekiti ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote, "Hakuna." Safari hii Manseok alitazama viatu vyake. Boknyeo akasimama.

"Lipo moja."

Karani akapekua. "Bibi Eom Boknyeo? Lakini hapa kuna muhuri wako."

"Muhuri ni wangu. Mkono si wangu."

Watu wakaamka. Karani alipekua tena, kwa heshima. "Bibi, kwenye daftari la familia yenu yupo mtoto mmoja tu, wa kiume. Kuna ushahidi wowote?"

Boknyeo alifungua kitambaa mezani, akaliweka jiwe juu ya karatasi. Maji yalichuruzika kutoka kwenye kitambaa mpaka sakafuni.

"Hili ni jiwe, bibi," alisema karani, na nyuma mtu akacheka. Kisha kijana akanyoosha mkono alisogeze lisilowanishe nyaraka zake. Mkono ukaishia juu ya jiwe. Aliutoa, akauangalia, akaugusa kwa mkono mwingine. Karatasi iliyokuwa chini ya jiwe ilikuwa kavu kabisa. Mvua ya nje ilisikika kama iko ndani.

"Nilimzika mimi," alisema Manseok.

Alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. "Miaka hamsini na mitano iliyopita. Palepale penye nguzo ya saba. Na muhuri niliupiga mimi, yeye hakujua. Andika, kijana. Andika yote."

Karani alikohoa. Aliigeuza fomu upande huu na ule, maana haikuwa na nafasi ya jambo kama hilo, mwisho akaamua kuandika pembeni, kwa mkono. "Jina la marehemu?"

"Jeon Dallae."

Kalamu ilikwaruza polepole. Nje, kule mlimani, mtambo ukawaka. Haikuwa siku ya fundi. Watu wote walisikia waya ukianza kuguna, na hakuna aliyegeuka dirishani kutazama.

"Na huyu bibi," aliuliza karani bila kuinua macho, "ni nani wa marehemu?"

Boknyeo alifungua mdomo. Akaliwekea jiwe kiganja.

Manseok aligeuka, akamtazama usoni, na safari hii hakumwita shemeji.

"Mama Dallae," aliita.

"Abee," akaitika.