Glenys Adai Haki ya Michango Yake

Glenys Hartshorne alipaka rangi kingo za sahani kwa miaka thelathini na moja, katika kiwanda kimoja cha vyombo vya udongo pale Stoke, Uingereza. Februari wakafunga chumba chote cha wapaka rangi. Wanawake arobaini wakapunguzwa kazini asubuhi moja, chai yao haijapoa.

Wiki iliyofuata akaenda ofisi ya ajira kuomba msaada wa wasio na kazi. Karani akamuuliza kama ana akiba. Glenys hajui kudanganya hata umri wake. Akasema anazo pauni elfu kumi na tisa, kiinua mgongo kikiwemo. Yeye na marehemu mumewe, Clive, walijinyima likizo miaka mingi ili waezeke paa upya.

“Hapo ndipo tatizo, mama,” karani akasema. “Mwisho wa akiba ni elfu kumi na sita. Ukizidi hapo, hupati.”

“Kwa hiyo nizile kwanza?”

“Ndiyo. Ila usizitumie makusudi ili upate msaada. Tukigundua, tutahesabu bado unazo.”

“Nile, lakini nisile?”

“Ndiyo utaratibu, mama.”

“Ningezinywea bia zote mwaka jana, leo ungenilipa, sivyo?”

Karani akageukia kompyuta yake.

Glenys akaondoka pale kwa hasira. Kwa wiki saba akala fedha za paa, huku akituma maombi ya kazi ambayo hakuna aliyeyajibu. Siku moja, kwenye foleni ya duka la chapati za oti, chakula cha kwao Stoke, akakutana na Noreen Salt, aliyekuwa mtu wa chama cha wafanyakazi kiwandani. Akamweleza yote.

“We Glenys! Hawakukwambia kuna malipo mengine?” Noreen akapaza sauti hadi foleni nzima ikageuka. “Ya michango! Ile uliyokatwa kwenye mshahara. Yale hayaulizi akiba hata kidogo!”

Glenys hakungoja chapati. Akarudi ofisini vilevile na kikapu chake, kwa karani yuleyule.

“Ni kweli yapo?”

“Yapo, mama. Ya miezi sita.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuuliza.”

“Niulize kitu nisichojua kipo? Miaka yote mlipokuwa mnanikata, mlingoja niulize?”

Mwanamke mmoja nyuma yake akapiga makofi, mara moja tu.

Alikubaliwa kuanzia siku ile. Akaandika barua ya kurasa nne kudai malipo ya zile wiki saba, akakataliwa. Akaandika tena, akakataliwa tena.

Jioni hiyohiyo ya jibu la pili, Glenys alichukua karatasi kubwa na brashi yake ya kazi, akaandika kwa herufi nyekundu jina la malipo yale, na chini yake: MICHANGO NI YETU, AKIBA HAIHUSIKI, MSINGOJE KUAMBIWA. Akaibandika kwenye dirisha la duka la chapati. Hadi Ijumaa, wenzake kumi na mmoja walikuwa wameshajaza fomu. Bado ana hasira mpaka leo, na hataki kutulizwa.