Kitabu cha award kilivyotugombanisha kuhusu mbwa wa ploti

Wakuu, niaje. Hii ilinitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayetaka kubishana aende uzi wa siasa.

Mimi ni fundi wa viti, si mtu wa vitabu. Lakini msichana wangu Akoth, ako Grade Five, anapenda zile novel za watoto zenye sticker ya dhahabu hapo mbele. Za award.

Nimegundua zote ni mtindo mmoja: familia inateseka, kuna mnyama anawapenda sana, na huyo mnyama lazima awalize. Sijui majaji huwa na shida gani nyumbani.

Tulikuwa tunaishi Kisumu Ndogo, Kibera, kwa ploti ya vyumba vya kupanga, uwanja mmoja. Jioni Akoth anakaa kwa mlango anasoma kwa sauti, majirani wanasikiza wakikata sukuma wiki. Mbele kabisa analala mbwa wa ploti.

Mbwa wa ploti hana mwenyewe. Kila mlango unamlisha, na kila mlango una jina lake. Kwa Mama Otis, jirani yetu wa kuuza omena, aliitwa Askari. Kwa pasta wa mlango wa mwisho, Danieli. Akoth alimwita Rafiki. Aliitikia yote, bora kuna kitu kwa sahani.

Basi nikapata kazi Kawangware, workshop kubwa kidogo, tukahama. Mbwa tukamwacha.

Sasa utahamaje na mbwa wa ploti? Hiyo ni kama kung'oa mfereji wa maji wa watu wote uende nao.

Akoth hakulia. Alifunga tu kitabu, imebaki chapter ya mwisho, akakiweka chini ya godoro.

"Si umalize basi," nikamwambia.

"Baba, kwa hiki kitabu familia imehama sababu ya mafuriko, ikaacha mbwa. Sitaki kujua inaisha aje."

Wiki zikapita, mtoto hasomi, chakula anadonoa tu. Iliniuma. Mimi nisiyependa mbwa nikajipata kwa mlango wa Mama Otis nikiomba mbwa.

"Wee Baba Akoth, huoni haya?" akaniuliza. "Askari ni wa ploti. Wezi wakija, nitawabwekea mimi?"

Majirani wakacheka, lakini walikuwa upande wake. Na kusema ukweli, hakukosea.

Halafu akaongeza: "Na huyo mtoto alituacha na hadithi katikati. Mlete amalize."

Jumamosi nikampeleka. Mbwa alimrukia mpaka akamwangusha kwa matope. Lakini wakati wa kufungua kitabu, Akoth alimvuta mbwa karibu kwanza.

Akasoma. Ile familia ilirudi mafuriko yakiisha, ikapata mbwa wao mbele ya mlango, amekonda, amekufa akilinda nyumba haina watu.

Pasta akajifanya anapangusa miwani. Mimi nilikuwa nalia, wacha niseme tu.

Mama Otis akaweka omena chini, akaenda kwa laini ya nguo, akafungua kamba. Nguo zake mwenyewe zikaanguka kwa matope, hata hakuziangalia. Akamfunga mbwa shingoni.

"Huyu hatangoja mtu hapa," akasema, akampa Akoth kamba. "Lakini Jumamosi mnamleta. Na mkuje na kitabu ingine, ya kuchekesha."

Sahii tuko naye Kawangware. Caretaker wa ploti mpya alinung'unika, nikamshonea kiti, ikaisha.

Kila Jumamosi tunarudi. Anapita mlango kwa mlango, anaitwa majina yake yote, anakula kote. Akishiba, anaenda pale Akoth amevua viatu, anavilalia. Hakuna mtu anaondoka bila yeye.

Nilichojifunza: mnyama anaweza kulishwa na watu wengi, lakini wa kumngoja anamchagua mwenyewe. Na mtoto akilia na kitabu, usimcheke. Kaa hapo usikize.

Kuna mwingine alihama akaacha mnyama? Ilikuwaje? Na kama unajua novel ya watoto yenye sticker ambayo mbwa hafi, weka jina hapo chini. Mama Otis ameniuliza mara nyingi, na sina jibu.